Bega la Otilia

Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana mwishoni nitauliza swali na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Katika parokia moja ya mlimani, soko likiwa bondeni chini yake, kikundi cha vijana kilikuwa na dada watatu, kila mmoja na kipaji chake. Kolumba hakujua kuchoka. Gaudensia hakujua kuzunguka. Neno likimjia, linatoka. Restituta alijaliwa sauti, na kila Jumapili yeye ndiye aliyesoma maombi ya waamini kwenye kipaza sauti.

Wa nne ni Otilia, binti wa kwaya, na mkasa huu ni wake. Jumapili moja alipewa aimbe zaburi peke yake. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili ulimpotea wote. Akasimama kinywa wazi, mtoto mmoja akacheka, naye akashuka mimbarini na kutoka nje na sare yake ya kwaya. Jumapili iliyofuata alikuwa sokoni na mama yake, wakiuza vitumbua.

Kama wangemwacha kidogo, pengine angerudi mwenyewe. Lakini vijana walimpenda, wakaamua kumwombea, wakasahau kwamba spika ya kanisa imeelekezwa sokoni. Sauti ya Restituta ikashuka mlima, safi kabisa: "Tumwombee dada yetu Otilia aliyekimbia kwaya, Bwana amrudishe zizini. Ee Bwana..."

"Twakuomba utusikie!" akaitikia mama muuza nyanya. Kisha akageuka. "Otilia, mwanangu, kumbe unatafutwa?"

Soko zima likaangua kicheko. Otilia akainamia kikaango, machozi yakimtoka, akaapa kwamba kanisani hatakanyaga tena.

Jumapili iliyofuata, Kolumba alipita kwa kina Otilia akielekea misa, akabisha hodi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina."

"Twende?"

"Siendi."

"Haya." Akaenda zake.

Jumapili nyingine vivyo hivyo, na nyingine tena. Mvua iliponyesha alikuja na mwavuli uliovunjika mbavu. Hakuhubiri hata siku moja. Otilia akaanza kuamka mapema ili akutwe amenawa uso, ingawa jibu lilikuwa lile lile.

Gaudensia yeye alikuja kununua vitumbua, akabaki amesimama.

"Unasema umelichukia kanisa. Uongo. Ukikoroga unga unaimba zaburi ile ile, nimekusikia. Huna chuki, una aibu. Na hiyo aibu sasa ndiyo unayoiabudu."

Otilia alimfukuza, na vitumbua vyake hakumpa. Lakini jioni hiyo alipiga magoti kwa mara ya kwanza tangu atoke kwaya, akasali sala fupi tu: "Bwana, ni kweli."

Tangu hapo moyo ulitaka kurudi. Macho ya watu ndiyo aliyoyaogopa.

Ndipo Restituta akaomba kipaza sauti wakati wa matangazo, na spika ikiwa bado inatazama sokoni. "Mimi Restituta nilimtangaza Otilia mbele ya soko zima. Hakupotea. Sisi ndio tuliomfukuza kwa sala yetu. Nimekosa mimi, naye anisamehe."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mama muuza nyanya alipangapanga nyanya zake, kisha akasema, "Na mimi nisamehe, mwanangu."

Jumapili iliyofuata Kolumba alipobisha hodi, Otilia alitoka akiwa amevaa viatu.

Akarudi kwaya, akamaliza mafundisho ya kipaimara, sakramenti ya kuimarishwa katika imani, na ikatangazwa kwamba Askofu anakuja kuitoa. Sasa sikilizeni vizuri. Anayepokea kipaimara husimama na msimamizi wake, ambaye humwekea mkono kwenye bega la kuume na kubaki mlezi wake wa imani maisha yake yote.

"Naweza kuwa na watatu?" Otilia alimuuliza katekista, mwalimu wao wa dini.

"Hiyo si kwaya, binti yangu, tupange sauti ya kwanza na ya pili. Mmoja."

Gaudensia alisema, "Bila mimi ungekuwa bado unakoroga unga."

Restituta alisema, "Mimi ndiye niliyekuumiza. Niache safari hii nikushike vizuri."

Gauni la Kolumba lilikuwa limeshapigwa pasi na kutundikwa ukutani, na Otilia aliliona.

Siku ikafika. Kanisa lilijaa hadi nje. Otilia alikuwa bado hajataja jina, kwa sababu kila alipotaja moja moyoni, aliwaona wengine wawili wakirudi kukaa huku kanisa zima likiwatazama. Na uchungu wa kutazamwa hivyo aliujua vizuri.

Askofu akamfikia, kidole gumba kikiwa kimeshalowa krisma, yale mafuta matakatifu ya kumpaka. Nyuma ya Otilia, kwenye benchi moja, dada watatu wakasimama kwa pamoja.

"Otilia," katekista akanong'ona, "ni nani?"

Yule aliyebisha hodi? Yule aliyesema kweli? Au yule aliyeomba radhi?

Haya, bega ni moja na Askofu anasubiri. Wewe ungemwita yupi, na wale wawili ungewaambia nini?