Lasi ya Fundi Mwasiti

Hii nawapa na fundo lake. Mwenye kucha afungue.

Tanga palikuwa na wanawake watatu. Kibibi, muuza vocha, alikuwa na jicho: kitu akikiona hakimpotei. Wakili Mhina alikuwa na kalamu, tena kalamu isiyo na hasira. Zaina, mwali aliyewekwa ndani kungoja harusi, alikuwa na ulimi usioogopa mtu. Na wote watatu walimfaa mtu mmoja, Mwasiti, fundi wa magauni ya harusi.

Mwasiti alikuwa na desturi yake. Mwali akishawekwa ndani hatoki kwenda kupimwa, basi gauni humvalisha mpwa wake yeye fundi, mradi awe na umbo moja na mwali huyo, akabana pini na kurekebisha mishono. Gauni la Zaina lilipimwa hivyo, mlango wazi ili mwanga uingie. Saumu, mwenye duka la magauni mtaa wa pili, akapita, akapiga picha, akaibandika mtandaoni: "Kwa Mwasiti gauni lako huvaliwa na wengine kwanza. Analikodisha!"

Kesho yake wateja watano wakaja kuchukua vitambaa vyao, hata kuketi hawakuketi. Mwasiti aliumia mno. Miaka ishirini na miwili ya sindano, leo anaitwa mwizi! Akaapa huku analia: "Atakayenirudishia jina langu, nitamshonea vazi kwa lasi, kile kitambaa cha thamani alichoniachia mama." Kisha akashika simu amtukane Saumu.

Kibibi akamnyang'anya. "Dada, usijibu. Kwanza tuhifadhi." Akaupiga picha ukurasa mzima, jina la mwandishi, tarehe, saa na maoni ya watu, akavichapisha vyote. Bahati, maana siku ya pili Saumu alifuta kila kitu, akawa anauliza kwa macho makavu, "Mimi? Niliandika wapi?"

Karatasi zikafika kwa Wakili Mhina. "Mama, njia zipo," akasema. "Unaweza kwenda polisi. Unaweza kufungua kesi ya madai udai fidia, ila kesi ina safari ndefu na wateja hawatakungoja. Au tuanze na barua: akanushe na aombe radhi palepale alipokuchafulia, ndani ya siku saba. Akikataa, mahakamani."

"Mimi nataka afungwe!" akadakia Mwasiti.

"Unataka afungwe, au unataka jina lako?"

Mwasiti akafikiri sana. "Jina," akasema. Barua ikaandikwa, haina tusi hata moja.

Saumu, kwa kuwa karatasi zimemkaba, hakuweza tena kukana, ila kiburi hakikumwisha. "Picha ni ya kweli," akajibu. "Gauni la mwali, mwilini mwa mwingine. Uongo wangu uko wapi?" Na hapo, jamani, hata wakili alikuna kichwa.

Aliyejua ukweli wote ni Zaina. Lakini mama wa bwana harusi alishamwonya: "Mwali hana mdomo. Ukijiingiza katika ugomvi huo, harusi tutaifikiria upya." Hata hivyo Zaina akamwita wakili chumbani kwake, akala kiapo na kutia sahihi: gauni lilivaliwa na mpwa wa fundi kwa idhini yangu, tena kwa kupimwa tu. Saumu alipousoma ushahidi huo akalegea. Radhi ikatoka kwenye ukurasa uleule, kwa jina lake, na vitambaa vikarudi kwa fundi. Harusi ya Zaina ikaahirishwa miezi minne.

Sasa Mwasiti ametandaza lasi mezani. Ni pande moja, inatosha vazi moja tu.

"Bila karatasi zangu mngemshika kwa lipi?" anauliza Kibibi.

"Karatasi bila sheria ni za kufungia maandazi," anasema Mhina.

"Na mimi," anasema Zaina, "bado niko ndani."

Mwasiti anawatazama kwa zamu, mkasi mkononi, na wote watatu anawapenda. Haya, nyinyi mliosikia yote: vipimo achukue vya nani?