Damu ya Ndugu Nayo Hupimwa

Damu ya ndugu nayo hupimwa. Batilda, jana uliisikia methali hii kwenye foleni ya kuchangia damu, wewe na wenzako mkacheka, mkaniuliza nani kaitunga. Chanzo chake ni nyumba hii hii. Mimi bibi yako naandika, maana kwa mdomo sitafika mwisho.

Wakati ule kulikuwa na uvumi kwamba damu iliyomo kwenye friji la hospitali ni ya wafungwa na ya maiti. Aliyeona hakuwepo. Lakini uliniingia ukakaa. Nikipika uko, nikipalilia kahawa uko.

Siku mama yako, Kanisia, alipokuzaa, damu ilimtoka bila kukoma. Mganga wa kituo cha afya akasema aongezewe damu, na ipo chupa moja ya kundi lake, imeshapimwa.

"Ya nani?" nikauliza.

"Ya mchangiaji tu, mama."

"Basi mrudishieni. Mwanangu hatiwi damu ya mfungwa. Kaka yake huyu hapa."

Otmari, mjomba wako, alishakunja mkono wa shati. Mpimaji, Bwana Ndunguru, akamchoma kidole, akaona makundi yanalingana. Akasema, "Sasa nisubirini. Napima virusi, vya ukimwi na vya homa ya ini. Saa moja hivi."

"Saa moja, na mtu anaisha? Au unamdhania mwanangu malaya?"

"Mama, napima damu, sipimi tabia. Kama mna haraka, chupa ile ipo."

"Damu hii naijua! Nimeizaa mwenyewe!"

Shangazi yake Otmari akadakia, "Bwana Ndunguru, na mkeo ulimpima kabla hujamwoa?"

Watu wakacheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Ukoo mzima tulijaa mlangoni, tukapiga kelele mpaka mganga akachoka. "Haya, mtundikieni ya kaka yake." Ndunguru akatoka nje, hakuaga.

Kanisia akapata nafuu. Akakunyonyesha, akarudi shambani, nami nikatamba mtaa mzima. Mwezi wa nne baada ya hapo macho yake yakawa ya njano, tumbo likajaa maji. Hospitali ya wilaya wakasema ni homa ya ini, ile inayopita kwenye damu. Tulimzika Jumanne. Wewe ulikuwa ndiyo unaanza kukaa.

Wakatupima wote. Wewe hukuwa na virusi vya homa hiyo. Otmari alikuwa navyo virusi hivyo, mzima wa afya, hana habari. Na mimi ninavyo. Daktari alisema huenda alivipata kwangu, siku nilipomzaa.

Otmari hakunilaumu. Alikaa kizingitini, akasema polepole, "Kumbe, mama, damu ya ndugu nayo hupimwa." Shangazi alikuwepo. Tangu siku hiyo, kila nyumba yenye mjamzito alikwenda kuisema, na watu wakaichukua.

Basi, wanangu, wewe na wenzako, epukeni haya:

Kumharakisha mpimaji, au kumfanyia mzaha.

Kukataa damu iliyopimwa kwa maneno ya kisimani.

Kuchangia nyembe na sindano.

Kuona haya kupimwa. Otmari alikuwa na nguvu za kubeba magunia mawili.

Na kusema, "Huyu namjua." Mimi nilimjua tangu tumboni. Damu ya ndugu nayo hupimwa.