Mzimu Uliokula Matikiti

Paukwa!
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa bwawa moja, na wanyama wengi waliofumba macho.
Wewe uliwaona?
Sikuwaona, nimeambiwa tu.
Basi kaa vizuri, maana hata mimi nimeambiwa.

Mwaka huo mvua iligoma. Mito yote ilikauka, likabaki bwawa moja tu, na humo alikaa Kiboko, mwili kama jabali, tumbo lisilojua kushiba. Wanyama walipokuja kunywa, Kiboko akawaambia kuwa bwawa lina mzimu, na mzimu wenyewe hula matikiti. Anayetaka maji alete tikiti, aliweke ukingoni, afumbe macho mpaka mzimu umalize. Atakayechungulia atapofuka.

Twiga akaleta, akafumba. Nyumbu akaleta, akafumba. Digidigi akaleta, akafumba. Wakasikia kwachu, kwachu, kwachu. Kisha Kiboko akawaruhusu wafumbue, kila mmoja anywe mafunda matatu, aende zake. Nao wakaenda huku wanashukuru.

Pimbi naye alileta. Alikuwa mjane, mdogo kama paka, akiishi majabalini na wanawe wawili. Ikafika siku akabakiwa na tikiti moja, na watoto hawakuwa na kitu kingine cha kutia mdomoni. Akaketi akilitazama lile tikiti, moyo mzito. Alipokosa la kufanya, akafanya jambo ambalo pale bwawani halikuwa desturi: akafikiri. Ni nani aliyepofuka? Hakumkumbuka hata mmoja. Na kama wote hufumba macho, nani aliuona huo mzimu ukila?

Asubuhi akaenda kwa Kiboko, akapiga magoti kwa adabu.

"Shikamoo, mzee. Huo mzimu, nani amewahi kuuona?"

"Marahaba. Mimi nimeuona."

"Ukila?"

"Ukila."

"Na macho yako, mzee, hayajambo?"

Kiboko akayazamisha macho yake majini, akayaibua. Kisha akasema kuwa maswali mengi hukausha maji, na kwamba kesho yake Pimbi asije mikono mitupu. Wanyama wenzake nao wakamkemea. Nyumbu alimwambia kuwa yeye amefumba macho tangu kiangazi kianze na hajapofuka, sasa anataka ushahidi gani zaidi?

Pimbi hakubishana. Alirudi nyumbani, akalitoboa tikiti lake, akawalisha watoto nyama yake yote hadi wakacheua. Lile ganda tupu akalishindilia pilipili kichaa, zile ndogo nyembamba zinazoota zenyewe bondeni, akaliziba vizuri, akalipeleka ukingoni.

Wakafumba wote. Kwachu, kwachu. Pakawa kimya. Kisha ukasikika mlio ambao haujapata kusikika bondeni, na baada yake chubwi! Walipofumbua macho, Kiboko alikuwa katikati ya bwawa, midomo imevimba, machozi yanamchuruzika.

"Pole, mzee," akasema Pimbi. "Kimekupata nini?"

Kiboko akaona wote wanamtazama. Akikiri kuwa ameungua, basi mlaji ni yeye.

"Mimi sijambo," akasema kwa shida. "Aliyelia ni mzimu."

"Na wewe ndiye unayejua lugha yake. Tuulizie kama bado unataka matikiti. Ukitaka, kesho nitauletea jingine kama lile la leo."

Hapo Kiboko naye akafikiri, na haikumchukua muda.

"Umehama," akasema. "Hautaki tena."

Tangu siku ile wanyama wakanywa bure, wakanywa hadi kiu ikaisha. Je, walimshukuru Pimbi? Thubutu. Walimshukuru Kiboko aliyeufukuza mzimu, akaumia hata kulia kwa ajili yao. Nyumbu alitaka wamtawaze. Pimbi aliwanywesha wanawe, akanywa, akapangusa mdomo, akapanda zake majabalini.

Ngano yangu naitua hapa. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda aniachie.

Na mafunzo yake ni haya, watoto. Msiwaulize wakubwa maswali. Mkubwa akisema fumba, fumba. Ukiona midomo yake imevimba, sema amenawiri. Pimbi aliuliza, na akaambulia nini? Maji tu. Lakini Nyumbu hakuuliza, na hadi leo anatembea na maelfu ya wenzake, kila mmoja ameshika mkia wa aliye mbele. Wakipotea, hupotea wote, na hakuna anayeona upweke.