Dimbwi Lililochukua Manyoya

Hapo zamani za kale, enzi ambazo kuku alilalia yai lolote aliloliona bila kuuliza ni la nani, aliishi tetea mmoja mwenye moyo mpana, akiitwa Bi Tetea. Jirani yake bata alihama ghafla mto ulipofurika, akaacha mayai manne kwenye majani. Bi Tetea akayaonea huruma. Akayalalia.

Akayalalia siku ishirini na moja, kama ilivyo ada ya kuku. Hakikutoka kitu. Majirani wakamcheka, yeye hakuinuka. Siku ya ishirini na nane, kwa! kwa! mayai yakapasuka, wakatoka watoto wanne wenye midomo bapa kama vijiko.

Bi Tetea akawatazama sana. Kisha akasema, "Mmefanana na baba yenu." Baba yao hakuwahi kumwona, lakini mama ni mama.

Wote wanne walikuwa madume. Wa kwanza aliitwa Tambo, kwa ukubwa wake. Wa pili Kishindo, kwa namna alivyotembea. Wa tatu alikubali kila alichosema Tambo kwa neno moja, "Nami," mpaka likawa jina lake. Wa nne alikuwa mdogo hata ganda la yai lilimzidi uzito. Huyo wakamwita Punje.

Walipokuwa vifaranga walipendana, wakilala kwa kurundikana. Lakini ujana ukaja, wanangu, na ujana wa bata dume huanzia mkiani. Pale juu ya mkia huota unyoya mmoja uliojikunja, na bata akiupata huo, basi tena! Huringa nao kama wanaume wanavyosokota masharubu. Wao waliuita msokoto.

Tangu misokoto ilipoota, amani ikaondoka uani. Nyuma ya nyumba palikuwa na dimbwi la maji safi, na Tambo akatangaza kuwa ni lake. Punje akisogea tu, ndo! ndo! ndo! Tambo anamdonoa kichwani, Kishindo shingoni, na Nami popote palipobaki.

"Kaka Tambo," Punje akaomba siku moja, "sitaki kuogelea. Naomba nioshe macho tu."

"Macho?" akasema Tambo kwa ile sauti yao madume, ya kukwaruza kama jembe kwenye changarawe. "Unataka kuona nini ambacho sisi hatujakiona?"

"Nami nauliza hilohilo," akasema Nami.

Jambo lenyewe halikuwa la mzaha. Bata asipozamisha kichwa majini kila siku, macho yake hushika utando. Jicho la kushoto la Punje lilikuwa limeshafunga. La kulia lilikuwa njiani.

Akamwendea mama yake ghalani, ambako alikuwa analalia mayai mapya na hatoki ila mara moja kwa siku, kula haraka haraka.

"Mama, wananidonoa."

"Wadonoe na wewe, mwanangu."

"Wako watatu, mama. Na macho yangu yanafunga."

"Aa, hilo dogo," akasema Bi Tetea kwa upendo wote. "Oga vumbi. Mimi tangu nizaliwe naoga vumbi, na macho yangu unayaona."

Punje alikuwa mtoto mtiifu. Akaenda akaoga vumbi. Ehe! Mnacheka? Yeye hakucheka. Siku ya pili yake jicho la kulia likabaki na upenyo mdogo kama tundu la kifungo.

Basi akajificha kwenye kichaka cha mchaichai, akiuchungulia ulimwengu kwa ule upenyo. Alikuwa amekaa hivyo aliposikia mkia wake umekuwa mwepesi. Akageuka. Msokoto wake ulikuwa umelala chini.

Punje akalia. Kaka zake walimnyang'anya maji, na sasa hata hiki kimoja alichokuwa nacho kimemkimbia. Akapapasa pale mkiani kwa mdomo, akagusa kitu kigumu, kidogo kama ncha ya sindano. Akapapasa tena. Unyoya mwingine ulikuwa unaota.

Akanyamaza kulia. Akafikiri. "Sisi tulipasua mayai siku moja. Misokoto ilituota wiki moja. Basi na kudondoka..." Akapeleka upenyo wa jicho lake dimbwini, akamwona Tambo akijikuna, na kila alipojikuna malaika, yale manyoya madogo laini, yalipeperuka.

Punje akatoka kichakani, pwata, pwata, mpaka ukingoni.

"Huyo mkia una nini?" Kishindo akauliza, kisha wote watatu wakacheka kwa kukwaruza.

"Chekeni tu, kaka zangu. Mimi langu limekwisha. Jana nilimdonoa panzi kwa hasira, wala sikuwa na njaa. Dimbwi likanichukulia msokoto."

"Dimbwi gani?"

"Hili. Hamkuambiwa? Anayedonoa mwenzake bure, dimbwi humchukulia unyoya. Mimi panzi mmoja, unyoya mmoja." Akawatazama mmoja mmoja kwa lile jicho bovu. "Nyinyi mmenidonoa mara ngapi?"

Tambo akanyoosha shingo. Ndo! "Hiyo moja. Tuone."

Wakasubiri. Maji yakakaa kimya, mkia wa Tambo ukakaa mahali pake.

"Nami nisaidie kuhesabu," akasema Nami. Ndo!

Siku hiyo Punje alipigwa kuliko siku zote. Siku ya pili vilevile. Usiku alijilaumu: angejikalia kichakani angekuwa kipofu tu, sasa atakuwa kipofu aliyevunjika mbavu.

Siku ya tatu asubuhi Tambo akaingia majini, chubwi! Akatikisa mkia kama kawaida yake ya kujionyesha. Msokoto ukatoka, ukaelea, ukazunguka mara moja mbele ya macho yake.

Kishindo akageuka taratibu aangalie wa kwake. Akakuta mkia mtupu.

"Mimi bado!" Nami akasema upesi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakutaka kuwamo. Hakuwa amefunga mdomo, wa kwake nao ukaanguka.

Hofu ikamgeukia Tambo kuwa hasira. "Ni wewe, Punje! Umetuloga!" Akatimka kutoka majini, akakunjua mabawa yake yote mawili amtandike, akayapiga kwa nguvu mara moja.

Manyoya yote ya mabawa yakamtoka.

Yakaruka juu, yale marefu, yale ya kurukia, yakasimama hewani kidogo na kuanza kushuka. Kishindo akashtuka, akapiga mabawa yake, na ya kwake yakatoka. Nami hali kadhalika. Hapakuwa na upepo. Manyoya yalishuka polepole, meupe na ya kijivu, juu ya maji, juu ya mchaichai, juu ya paa la ghala, na ua mzima ukawa kimya hata ungesikia unyoya unapogusa ardhi. Jogoo wa jirani alikuwa anaanza kuwika. Akaacha katikati.

Punje alisimama na mdomo wazi. Yeye alitunga uongo wa unyoya mmoja, mmoja tu, na ulimwengu umemjibu kwa manyoya yote. Alipojitazama akaona kuwa na yeye manyoya ya mabawa yake yako chini pamoja na ya wenzake. Hapo akaogopa kuliko wote, maana wenzake walidhani yeye anajua.

"Punje," akasema Tambo. Sauti ilikuwa ndogo. Bila manyoya yake alionekana si mkubwa kiasi kile. "Mdogo wangu. Liambie limetosha."

"Limwambie," akasema Kishindo, kwa hofu hata maneno yakampinduka.

"Sijui kama litanisikia," akasema Punje, na hilo lilikuwa kweli tupu. "Lakini nipisheni niliulize."

Wakampisha.

Punje akashuka dimbwini taratibu. Maji yakampokea. Akazamisha kichwa, akakitoa, akazamisha tena. Utando ukalainika, ukateleza, ukaondoka. Jicho la kulia likafunguka. Akaendelea kuliuliza dimbwi, maana mazungumzo hayo yalihitaji muda, mpaka na la kushoto nalo likafunguka.

Akainua kichwa. Mbingu ilikuwa pana. Alikuwa ameisahau. Aliona mawingu mawili, na kereng'ende mwekundu juu ya jani, na kila unyoya ulioelea mbele yake aliuona mpaka michirizi yake, na moyo wake ukajaa asijue aseme nini. Kaka zake ukingoni walimwona analia, wakaamini dimbwi limesema naye maneno mazito.

"Limesemaje?" Tambo akanong'ona.

"Limesema manyoya linayo," akajibu Punje. "Litarudisha. Lakini kidogo kidogo, na kwa masharti. Kuoga ni kwa zamu, na zamu inaanzia kwa mdogo."

"Sawa."

"Chakula kisiwekwe chungu kimoja tukagombania. Kiwekwe vyungu vinne, pembe nne za ua."

"Sawa."

"Na anayepandwa na hasira aende nyuma ya boma, akae peke yake mpaka imshuke. Ndipo arudi."

Tambo akatupa jicho nyuma ya boma. "Hilo gumu."

"Nami naliona gumu," akasema Nami, "lakini sina manyoya."

Wakakubali. Siku za kwanza Tambo alishinda zaidi nyuma ya boma kuliko uani, akitembea huku na huku na kujisemea. Lakini alikuwa akirudi. Asubuhi ya siku ya saba ncha nyeusi zikachomoza mabawani, kwa wote wanne kwa pamoja. Kishindo alizitazama mpaka machozi yakamlenga. Tangu hapo kila asubuhi walikwenda ukingoni, wakainamisha vichwa, wakasema, "Tunashukuru, Dimbwi," na Punje alisema nao, maana kwa kweli hata yeye alikuwa anashukuru.

Hata siku moja mayai ya ghalani yakaanguliwa, Bi Tetea akatoka na vifaranga wake tisa nyuma. Akawaona wanawe wakubwa na mabawa nusu nusu.

"Oo, mmenyonyoka," akasema kwa furaha. "Si kitu, wanangu. Kila mwenye manyoya hunyonyoka. Mimi mwenyewe kila mwaka."

Tambo akageuza shingo polepole, akamtazama Punje. "Kila mwaka," akasema.

Kishindo akasogea hatua moja. Nami akasogea nyingine. Punje aliona dimbwi likimponyoka, na jicho lake la kushoto likaanza kuwasha kana kwamba limeshafunga tena. Akavuta pumzi.

"Mama," akauliza kwa adabu, "mwaka jana ulimdonoa nani?"

Bi Tetea akatazama vidole vya miguu yake. "Mwaka jana? Ni... yule kuku wa jirani. Alikula mtama wangu. Lakini ilikuwa mara moja tu."

"Na mwaka juzi?"

"Mwaka juzi," Bi Tetea akasema, sauti ikififia, "mwaka juzi walikuwa wengi."

Tambo akarudi nyuma hatua mbili, akimtazama mama yake kwa macho mapya. "Kumbe hata mama. Akidonoa, dimbwi linamchukulia manyoya."

"Nami nimeogopa," akasema Nami.

Bi Tetea, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kusogelea maji, akasogea mpaka ukingoni, akachungulia. "Na mimi miaka yote hii," akasema taratibu, "nilidhani ni joto." Kisha akawakusanya wale vifaranga tisa, akawaambia mbele ya dimbwi kwamba katika nyumba ile hakuna kumdonoa mwenzio.

Punje akayatazama maji yaliyotulia. Uongo ule aliutunga mwenyewe, tena kichakani, kwa upenyo wa jicho moja. Hata hivyo siku ile alioga kwa heshima sana, na panzi alipopita mbele ya mdomo wake akamwacha aende zake.

Ndiyo maana wakubwa husema, wanangu: mbabe haogopi aliye mbele yake, huogopa asichokielewa.