Nyamvula na Mchwa Mziba Masikio

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni sauti ya watu waliochoka. Hata mimi nimechoka. Sogeeni, tusaidiane.

Hapo zamani za kale, masikio ya binadamu hayakuwa na mpaka. Popo darini wakisema ti-ti-ti, sauti nyembamba kabisa, alisikia. Tembo wakiitana ng'ambo ya vilima, mmmm, sauti nzito ya kutetemesha ardhi, alisikia.

Basi palikuwa na mama mmoja, Nyamvula, aliyejifungua juzijuzi. Usingizi hapati. Akifumba macho, ti-ti-ti! Akigeuka, mmmm! Alichoka hata akawa anamwita Kuku wake Mbwa, na Mbwa wake Kuku.

Siku moja mtoto alilia mkekani. Njaa. Alilia, alilia, sauti ikamkauka. Nyamvula yupo uani, anatwanga, na kilio kimepotea katikati ya ti-ti-ti na mmmm. Kuja kumtazama, mtoto kalegea. Alimnyonyesha huku machozi yanamtoka.

Akaenda kichuguuni kwa Mchwa, fundi wa udongo.

"Fundi, nizibe masikio."

"Yote, mama?"

"Si yote! Mwanangu nitamsikiaje? Ziba sauti za juu, ziba za chini. Niachie hapo katikati, anapolilia yeye."

"Udongo wangu ukikauka hautoki."

"Ziba tu, fundi. Nimechoka."

Kuku, aliyemfuata, akauliza, "Na Tembo wakija shambani, utajuaje?"

"Utaniambia wewe. Wewe sikiliza chini, Mbwa asikilize juu."

Mchwa akaziba. Paka, paka, paka. Kimya! Popo midomo wazi, hawasikiki. Tembo wananguruma, hawasikiki. Ikabaki sauti ya mtoto peke yake, e-e-e, waziwazi. Nyamvula akamnyonyesha, akalala. Jamani, alilala!

Mahindi yakakomaa. Mchana mmoja Nyamvula kajinyoosha kivulini, usingizi ndio kwanza unamchukua. Kuku akasikia mmmm. Akaja mbio, mabawa puta-puta.

"Mama, amka! Tembo wanakuja!"

Nyamvula akatega sikio. "Mbona sisikii kitu?"

"Utasikiaje, nawe umezibwa?"

"Kuku, niache nilale. Ukisema tena, nakuchinja."

Kuku akanyamaza. Nani anataka kuchinjwa?

Gwaru! Gwaru! Mabua yanavunjika. Hiyo sasa aliisikia. Kuinuka, Tembo wamo shambani, wanakula. Wakala, wakakanyaga, wakaenda zao.

Akakimbia kichuguuni. "Fundi, nizibue!"

"Udongo umekauka, mama. Nilikwambia."

Nyamvula akarudi, akaketi chini kati ya mabua. Hata nguvu za kulia hana. Kuku akasogea.

"Nilisema, mama."

"Ulisema. Mimi nilidhani nisichokisikia hakipo."

Mtoto akalia, e-e-e. Nyamvula alimsikia mara moja. Akainuka, miguu mizito, akaenda kumnyonyesha. Kisha akamwambia Kuku, "Kesho ukisikia kitu, niamshe. Nikikutukana, nidonoe."

Masikio hayo yakarithiwa na uzao wake wote, ndiyo maana hadi leo binadamu husikia sauti za katikati tu, za juu kabisa na za chini kabisa humpita. Nanyi mliochoka, wakubwa kwa wadogo, shikeni hili: usilolisikia usiseme halipo. Msikilize anayelisikia, hata akikukatiza usingizi.

Hadithi yangu imekomea hapo, nami pumzi zimeniishia.