Mama Kaa na Miruko ya Jirani

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kinyonge, hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimesikia.

Zamani, zamani hasa, Mama Kaa na Mama Chura walikuwa majirani kando ya mto. Mama Chura alikwenda kwa kuruka: kodo! kodo! Mama Kaa alikwenda kiubavu: kwaru, kwaru, kwaru. Na kila mvua ya kwanza iliponyesha, wanyama wa mtoni walicheza ngoma, kila mmoja akiingia uwanjani kwa mwendo wake. Nyoka aliingia akijinyonganyonga. Bata aliingia akiyumbayumba. Wote walishangiliwa.

Mwaka mmoja Mama Chura aliruka, kodo! akatua katikati ya uwanja. Vigelegele hivyo! Mama Kaa akafuata, kwaru, kwaru, na Bata akamuuliza kama anaingia au anatoka. Wanyama wakacheka. Mama Chura naye akacheka.

Ee, wivu jamani! Mama Kaa hakulala. Kila aliposikia kodo kwa jirani, moyo ulimuuma. Asubuhi akamwita mwanawe wa pekee, Chande, akamwambia kuanzia leo hakuna kutembea kiubavu nyumbani kwake.

"Utaruka," akasema. "Utaruka kumpita mtoto wa yule."

Chande akaruka: puu! Akaanguka chali. Akaruka tena: puu! Kila aliposahau akaenda kiubavu, mamake alimfinya kwa gando.

Siku moja mvua kubwa ikanyesha milimani. Chande alikuwa juu ya mwamba akijifunza kuruka. Puu! Akatumbukia ndani ya ufa mwembamba. Na mafuriko yakaanza kushusha mawe na tope, ufa ukaanza kujaa.

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Chura. Kodo! Akaruka huku. Kodo! Akaruka kule. Tumbo lake halikupita ufani. Akakimbia kumwita jirani, na wanyama wengine wakamfuata.

Mama Kaa akachungulia. Mwanawe alikuwa anaruka, anagonga kichwa, anaanguka, anaruka tena. Tope lilikaribia macho.

"Acha kuruka, mwanangu. Njoo kiubavu."

"Utanifinya, mama."

Maneno hayo yalimkata maini. Mbele ya wote waliomcheka, Mama Kaa akajigeuza ubavu, akaingia: kwaru, kwaru, kwaru.

"Sikufinyi tena," akamwambia. "Nifuate, twende kama tulivyoumbwa."

Kwaru, kwaru, mama. Kwaru, kwaru, mtoto. Wakatoka, na nyuma yao jiwe likaziba ufa.

Mama Chura aliwapokea. Akakiri kwamba pale juu ya ufa aliutamani mno mwendo ule alioucheka. Mama Kaa alikuwa anampapasa mwanawe pale alipozoea kumfinya.

Basi wakubwa kwa wadogo, sikieni: ukiuonea wivu mwendo wa jirani hadi ukauchukia wako, atakayeumia ni mwanao. Hadithi yangu imefika ukingoni, nami naiacha hapo.