Mize na Mkalimani wa Maneno Matatu

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa maneno!
Yako wapi?
— Kinywani mwako, yatoe tuyasikie!

Haya, sogeeni. Wewe wa nyuma, acha kutafuna, sitaki kusimulia karanga.

Hapo kale, mito ilipokuwa bado inatafuta njia zake, palikuwa na mji bondeni, jina lake Mkondoni. Na Mkondoni palikuwa na mfinyanzi, mwanamke, jina lake Mize. Mize alifinyanga vyungu, alifinyanga mitungi, alifinyanga vigae. Kutwa mikono ina kazi, mdomo hauna. Basi mdomo akautafutia kazi yake.

Kila mgeni aliyekuja kununua chungu, Mize alimwuliza: "Kwenu mnasalimianaje? Maji mnayaitaje? Mtoto akilia mnambembelezaje?" Mgeni akisema, naye anasema. Akikosea, mgeni anacheka, naye anacheka, anarudia. Akajua lugha ya watu wa Jangwani. Akajua lugha ya watu wa Ziwani. Akajua lugha ya watu wa Mlimani, ile ngumu, inayotoka kooni kama mtu kakwama na mwiba.

Mnadhani alitaka cheo? Hakutaka. Alijifunza kwa raha yake tu, kama wengine wanavyocheza bao. Na wageni wasipokuja, alivisemesha vyungu vyake vilivyoanikwa juani. Hiki anakisalimu Kijangwani, kile anakiaga Kiziwani, kile anakigombeza Kimlimani.

Mkwewe, Bi Rehani, alikuwa akishika kiuno. "Mize mwanangu, hizo lugha zinapikwa? Zinaliwa? Majirani wananiuliza kama mke wa mwanangu ni mzima!"

"Waambie ni mzima, mama. Tena waambie wanasalimiwa," anajibu Mize, kisha anaitamka salamu kwa lugha tatu. Bi Rehani anaondoka akitikisa kichwa, lakini anacheka chini kwa chini.

Sasa, mji ule ulikuwa na Jumbe, Jumbe Shomari, mtu mwema ila mvivu wa kuuliza. Na Jumbe alikuwa na mkalimani, jina lake Makungu. Lo! Makungu! Joho refu, kifua mbele, sauti ya kuangusha nazi. Lakini nawaambia siri: katika kila lugha Makungu alijua maneno matatu tu. Punda. Chumvi. Kesho. Basi! Aliyaokota kwa wachukuzi, akayavalia joho.

Wakaja watu wa Jangwani, wanaomba kunywesha ng'ombe wao. Makungu akawaambia kwa lugha yao, kwa sauti kuu: "Punda! Chumvi! Kesho!" Wakatazamana, wakaondoka. Akamwambia Jumbe, "Wamekusifu sana."

Wakaja watu wa Ziwani, wanataka kuuza samaki. Makungu akawaambia: "Chumvi! Kesho! Punda!" Wakatazamana, wakaondoka. Akamwambia Jumbe, "Wamezisifu ndevu zako."

Hao watu wa Ziwani walipita kwa Mize. "Dada, mbona huko barazani wametutajia punda?" Mize alicheka mpaka chungu kikamponyoka mkononi. Alicheka, akanyamaza. Akasema moyoni, yananihusu nini? Hapo alikosea, nami simfichi.

Siku moja asubuhi, Mize alipeleka mtungi mpya kwa Jumbe. Mara wakaingia watu watatu wa Mlimani, wamevaa kofia za ngozi, wanahema. Mkubwa wao, mzee, akaanza kusema kabla hajakaribishwa:

"Ziwa letu la juu limejaa. Ukuta wa mawe unaolizuia umepasuka. Hautafika kesho jioni. Maji yatashuka hapa kwenu. Hameni bondeni, leo!"

Jumbe akageuka. "Makungu, wanasemaje?"

Katika maneno yote yale Makungu alikuwa amelitambua moja: kesho. Akajikohoza. "Jumbe, wanasema kesho watatuletea chumvi, kwa punda."

"Vizuri sana," akasema Jumbe. "Wapeni maziwa."

Mize akatua mtungi chini. Akamtazama Makungu na joho lake. Akamtazama yule mzee, miguu yake inatoka damu. Mtu hakimbii hivyo kwa ajili ya chumvi. Akapiga magoti.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba, mwanangu."

"Jumbe, sivyo walivyosema. Wanasema tuhame. Maji yanakuja."

Makungu akaangua kicheko. "Huyu? Jumbe, huyu huzungumza na vyungu! Mji mzima unajua!" Watu barazani wakacheka. Hata Jumbe akatabasamu.

Je, ingekuwa wewe ungefanyaje? Ungelia? Ungepiga kelele? Mize alivuta pumzi.

"Kweli, Jumbe, vyungu nazungumza navyo. Nami sibishani na mkubwa wangu. Naomba jambo moja dogo tu. Humu mna joto. Bwana Mkalimani awaambie wageni wavue kofia zao, wapumzike."

"Si neno," akasema Jumbe. "Makungu, waambie."

Makungu akatoa kifua. "Punda! Chumvi! Kesho!"

Wageni wakamkodolea macho.

"Chumvi! Kesho! Punda!"

Wageni wakanong'onezana.

Akavuta pumzi, akaguruma: "KESHO! PUNDA! CHUMVI!"

Mgeni mmoja akatoka mbio nje kumtafuta huyo punda. Akarudi, akatikisa kichwa: hayupo.

"Makungu," akasema Jumbe, "kofia bado ziko vichwani."

"Kwao, Jumbe... kwao ni mwiko kuvua."

Mize akawageukia wageni, akasema polepole, maneno mawili tu. Fwap! Fwap! Fwap! Kofia tatu chini. Kipara cha yule mzee kinang'aa jasho. Akamshika Mize mikono yote miwili, akamwaga maneno kama mtu aliyekuwa amezibwa kinywa, na Mize akayatafsiri, neno kwa neno.

Jumbe akainuka. "Makungu! Toka katika mji wangu!"

"La, Jumbe," akasema Mize. "Usimfukuze. Ana sauti kubwa, na leo tunaihitaji."

Basi Makungu akavua joho, akakimbia mitaa yote akiita, "Hameni! Hameni! Hameni!" Na Bi Rehani alipogoma kuacha kinu chake, Makungu alimbeba yeye mgongoni na kinu kichwani, akapanda nao kilimani. Watu wakapanda, mbuzi wakapanda, kuku wakapanda.

Kesho yake adhuhuri, maji yakaja. Yalikuja na miti, yalikuja na mawe, yalikuja na mlio wa ngoma elfu. Nyumba zikaenda. Vyungu vyote vya Mize vikaenda, na tanuri lake pia. Akalia, mfinyanzi yule. Ilikuwa kazi ya miaka. Lakini walipohesabiana kilimani, hakupungua mtu hata mmoja.

Wakajenga upya, juu. Jumbe akataka kumvika Mize lile joho la ukalimani. Mize akacheka. "Jumbe, wageni wakija niite, nitakuja. Wasipokuja, niache na udongo wangu." Na Makungu? Alikwenda mwenyewe kumkandia udongo, akajifunza neno la nne, na la tano, na leo anajua kuomba radhi kwa lugha tatu. Ameshaomba kwa zote.

Siku ikafika, watu wa Mlimani wakashuka na magunia ya viazi kuwasaidia. Mji mzima ukajipanga mbele ya Mize: "Tufundishe kusema asante!" Neno lenyewe ni *basoru*. Wakalirudia, kina mama, kina baba, na Bi Rehani akiwa wa kwanza. Jumbe akasogea mbele, akamwinamia yule mzee mwenye kipara, akasema kwa heshima zote: "*Basuru!*"

Na *basuru*, jamani, ni kobe.

Mize akaziba uso kwa kanga. Yule mzee akamtazama Jumbe, akaona machozi yamemlenga. Akainama naye, mpaka chini kabisa, akajibu: "Na wewe pia, kobe mwenzangu."

Hapo mimi nikafunga kinywa, maneno yakalala. Aliyeyapenda ayabebe, aliyeyachoka ayatue, na mwenye lugha nyingine anifundishe.